Mpwa wako kutoka Bujumbura kuja kusoma UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam)

Dada, pole na mahangaiko. Nimekuelewa: mpwa wako amemaliza sekondari Burundi, anataka UDSM, na dalali anadai hela ili "amtafutie nafasi" kisha aingie nchini kama mgeni wa matembezi.

Usimpe hata shilingi. Maombi hutumwa chuoni moja kwa moja kupitia mtandao.

Anzeni na vyeti, maana hapo ndipo nimeona vijana wengi wazuri wakikwama. Vyeti vyake ni vya Kifaransa, hivyo vitafsiriwe na mfasiri anayetambulika, kisha mwombe NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) wavilinganishe na vya kwetu. Fanyeni mapema, dirisha la udahili halimsubiri mtu. Mkibadili chuo, hakikisheni kinatambuliwa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania).

Kuhusu kuingia nchini, Burundi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotekelezwa tangu 2010, inamtambua mwanafunzi anayetoka nchi mwanachama. Aombe pasi ya mwanafunzi Uhamiaji akiwa na barua ya udahili. Akija kwa matembezi halafu akaanza masomo, anajitafutia kesi.

Ada ulizeni chuoni kwa maandishi: raia wa Jumuiya analipa kiasi gani? Kiingereza nacho aanze kukinoa sasa, ndicho cha kufundishia.

Jina likitofautiana kati ya cheti na pasipoti, hata herufi moja, muone wakili kwanza kuhusu hati ya kiapo.