Kumsahihisha kapteni si utovu wa adabu

Mdogo wangu, umesema wewe ni rubani msaidizi mpya, kapteni wako ana umri wa baba yako, na juzi mkikaribia kutua kwa kasi iliyozidi uliishia kukohoa tu. Pole. Wengi tumepita hapo.

Kuna kisa cha safari namba 52 ya shirika la ndege la Avianca. Tarehe 25 Januari 1990, Boeing 707 kutoka Colombia ilizungushwa angani zaidi ya saa moja ikisubiri kutua JFK, New York. Jaribio la kwanza likashindikana. Kapteni akamwambia msaidizi wake awaarifu waongoza ndege kuwa wana dharura. Yule kijana redioni akaanza na mwelekeo wa kugeuka, akasema watajaribu tena, kisha, kama kitu cha kuchomekea, kwamba mafuta yanawaishia. Neno "dharura" hakulitamka, wala "Mayday", ule wito wa redioni wa kuomba msaada wa haraka. Wakapewa njia ndefu ya kurudi. Injini zikazima, ndege ikaanguka Cove Neck, watu 73 wakafa.

Sisi tuna ile "samahani mzee, naona kama vile..." Iache chini. Shikamoo mpe kwenye ngazi, humo ndani mpe namba: "Kapteni, futi 1000, kasi imezidi kwa 20." Akinyamaza, rudia. Akiendelea kunyamaza: "Hatujakaa sawa, tupande tena!" Yaani tuache kutua, turudi juu.

Na usingoje hadi mwende angani. Kesho mkipanga safari mwulize: "Mzee, nikisema tupande, tunapanda kwanza halafu tunajadili, sivyo?" Akikubali pale, huku chini, ulimi utakuwa mwepesi kule juu.