Ulishafungwa, sasa unataka viza ya utalii

SWALI: Mwaka 2014 nilitiwa hatiani kwa wizi, nikafungwa miezi minne. Sijakamatwa tena tangu hapo. Nataka kwenda kutalii Uingereza au Marekani. Rafiki yangu ananishauri nijibu "hapana" kwenye fomu, eti rekodi ya zamani hivyo haionekani. Nifanyeje?

JIBU: Jibu "ndiyo", tafadhali. Kosa lenyewe huenda lisikuzuie, ila uongo ukigundulika utakuzuia. Uingereza ikibaini umeidanganya, maombi yako yatakataliwa kwa miaka 10. Marekani, zuio la udanganyifu halina tarehe ya mwisho.

Uingereza hesabu yako ni nyepesi. Aliyehukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi hukataliwa, hata miaka mingi ikipita. Kifungo kifupi zaidi humfungia mgeni mlango mpaka ipite zaidi ya miezi 12 tangu kimalizike, nawe umeshavuka hapo. Angalia tu: kinachohesabiwa ni kifungo alichotamka hakimu. Aliyehukumiwa miezi 14 akaachiwa baada ya tisa, bado ni wa miezi 14.

Marekani ndiko kwenye kona kali. Fomu ya DS-160 inauliza kama umewahi kukamatwa au kutiwa hatiani, hata kama ulisamehewa. Wizi kwa kawaida huwekwa kwenye kundi la makosa ya kukosa uadilifu, ambayo humnyima mtu viza. Ipo nafuu ya kosa dogo, yenye masharti matatu: kosa liwe moja tu, adhabu ya juu kabisa kwa mujibu wa sheria isizidi mwaka 1, na kifungo ulichopewa kisizidi miezi 6. Wengi huona sharti la mwisho wakapumua. Miezi yako minne inalitimiza, sawa, lakini kama kifungu ulichoshtakiwa nacho kinaruhusu hadi miaka mitatu, nafuu hiyo si yako. Ndiyo maana tunasisitiza ubebe nakala ya kifungu chenyewe, kama kilivyosomeka siku ya kosa.

Ukiangukia nje ya nafuu, kwenye mahojiano mwombe ofisa wa ubalozi akupendekeze uondolewe zuio kwa muda. Hupimwa uzito wa kosa, hatari ya wewe kuingia nchini, na sababu ya safari. Majibu huchukua miezi, kwa hiyo usikate tiketi kwanza.

Beba nakala ya hukumu yenye muhuri wa mahakama, hati ya mashtaka, uthibitisho wa kumaliza kifungo, na tafsiri iliyothibitishwa ikihitajika. Ongeza barua ya maelezo ya ukurasa mmoja, bila kulalamikia polisi wala hakimu. Hakikisha tarehe zinalingana: watu huandika siku waliyokamatwa mahali panapotakiwa siku ya hukumu, na ofisa akiona tofauti hiyo huanza kutilia shaka mengine yote.

SWALI: Mwaka 2019 nilitozwa faini kwa kuendesha gari nikiwa nimelewa. Kanada watanikubali?

JIBU: Tangu tarehe 18 Desemba 2018 Kanada inalihesabu hilo kuwa kosa zito, kwa hiyo halifutiki lenyewe kwa kupita miaka. Unaweza kuomba utambuliwe kuwa umejirekebisha ikishapita miaka 5 tangu umalize adhabu yote. Kama ulizuiwa pia kuendesha, anza kuhesabu siku zuio lilipoisha, si siku uliyolipa faini.