Kuku Wanakoroma Usiku, Niwape Dawa Gani?

SWALI: Shikamoo daktari. Niko Chanika, Dar es Salaam, nafuga kuku chotara 14 nyuma ya nyumba. Wiki mbili zilizopita nilinunua matetea watatu sokoni nikawachanganya na wangu, siku ya nne mmoja akaanza kupiga chafya, sa hivi tisa wanaumwa, nyuso zimevimba, jogoo jicho moja limeziba kabisa, kamasi zinanuka na usiku wanakoroma hadi nawasikia nikiwa ndani. Mayai yameshuka kutoka nane kwa siku hadi mawili. Dukani nilipewa oksitetra ya unga, nikawanywesha siku mbili sikuona kitu, nikarudi nikapewa nyingine, leo ndo siku yake ya pili. Jirani anasema ni kideri, niwachinje wote. Nifanyeje? Na hayo mayai watoto wanaweza kula?

JIBU: Marahaba dada yangu, pole sana. Usichinje. Kwa ulivyoeleza hao wana mafua ya kuku, na kilichonifanya niseme hivyo ni mambo matatu uliyoyataja mwenyewe bila kujua: uso kuvimba, kamasi kunuka, na ugonjwa kusambaa haraka baada ya kuingiza kuku wageni. Mshike huyo jogoo, mbonyeze taratibu juu ya tundu za pua, ukiona yanatoka majimaji mazito yenye harufu mbaya basi hapo huna haja ya kubishana na jirani.

Kideri kina sura nyingine. Kuku anaweza kukoroma na kuhema mdomo wazi kama hao wako, lakini utaona pia kinyesi cha kijani, mabawa yameshuka, shingo inapinda au miguu inapooza, na kwenye banda ambalo halijachanjwa vifo vinafuatana, leo watatu kesho watano. Wewe umeniambia wiki mbili na hujataja hata kifo kimoja. Kuna na ule ugonjwa sugu wa mfumo wa hewa unaoletwa na bakteria aitwaye maikoplazma, huo unatembea polepole, kuku anakoroma wiki hadi wiki, jicho linatoa povu, ila kwa kawaida uso hauvimbi hivyo wala harufu haiwi kali. Mara nyingine yanaingia yote mawili kwa pamoja, ndo maana kama kuna afisa mifugo kwenye kata yako muite awaone kwa macho yake kabla hujanunua dawa ya tatu.

Sasa kuhusu dawa. Oksitetra haikuwa kosa, kosa ni siku mbili. Antibayotiki za kwenye maji mara nyingi zinapewa siku 3 hadi 5 mfululizo na ukikatisha katikati unawaacha wale bakteria wenye nguvu wabaki peke yao, kesho dawa ileile haitafanya kazi kwako wala kwa jirani yako. Hiyo uliyonayo, kama muuzaji alikupa ya bakteria na jina lake linaonekana kwenye pakiti, imalize dozi. Kama ni ya salfa muulize daktari kwanza, maana nyingi ya hizo haziruhusiwi kwa kuku wanaotaga.

Alafu kuna jambo dogo linaloharibu dozi za watu wengi sana. Kuku 17 wakubwa, yaani wako 14 na wale watatu wageni, wanakunywa kama lita 4 kwa siku, joto likizidi na zaidi, sasa mtu anakoroga dawa kwenye ndoo ya lita 10, inakaa mpaka keshokutwa, na huku kuku wanatoka nje wanakunywa maji ya kwenye karai la vyombo. Wafungie ndani siku zote za dozi, toa maji mengine yote, koroga yale watakayomaliza siku hiyo tu kwa kipimo cha kwenye pakiti, asubuhi mwaga yaliyobaki uoshe chombo ukoroge upya. Na kwa dawa za jamii ya oksitetra, zile siku za dozi usiwaongezee chokaa wala maganda ya mayai, kalisiamu inaishika dawa haiingii mwilini. Kuku aliyezidiwa kama huyo jogoo hata kunywa hanywi vizuri, huyo mara nyingi anahitaji sindano, mwachie mtaalamu. Jicho lake lioshe asubuhi na jioni kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, lile ganda la usaha lilainike lenyewe, usilichokonoe.

Sasa piga magoti ndani ya banda. Nasema kweli, piga magoti. Mwaka juzi niliingia banda moja nikiwa nimesimama sikusikia harufu yoyote, nilipoinama kushika kuku macho yakaanza kunitoka machozi, harufu ya mkojo ile, na kuku analala palepale pua yake ikiwa juu ya randa mbichi, yale mabaki ya mbao yanayotandikwa chini, usiku kucha. Hewa ile inaunguza koo lake na dawa haiwezi kushindana nayo. Toa randa yote, weka kavu, fungua upande mmoja juu uweke wavu, upepo upite juu ya vichwa vyao usiwapige mwilini.

Mayai usiwape watoto na usiuze, mpaka ziishe siku zilizoandikwa kwenye pakiti baada ya dozi ya mwisho. Ukute hazijaandikwa, rudi kwa aliyekuuzia akuambie, ni haki yako. Najua inauma kufukia mayai.

Na kitu ambacho sitaki kukuficha, kuku aliyepona mafua anaweza kubaki na vijidudu maisha yake yote akaambukiza wengine. Kwa hiyo hao wasitoke kwenda kwa mtu mwingine kwa ajili ya kufuga, na usilete vifaranga wapya juu yao. Wakishaisha wote, safisha banda, liache tupu wiki mbili tatu ndo uanze upya, na mgeni yeyote akae pembeni peke yake angalau wiki mbili kabla ya kuchanganywa.

SWALI: Kuku wangu wanakohoa, naweza kuwachanja kideri sa hivi ili niwahi? Niko Dodoma.

JIBU: Hapana ndugu yangu, chanjo ni ya kuku mzima, haitibu. Subiri wapone. Wakishapona tumia ile chanjo ya kideri ya matone iitwayo I-2 inayotengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari hapa Tanzania, inavumilia joto kuliko nyingine ila isikae juani, tone moja kwenye jicho, subiri apepese ndo umwachie, na urudie kila miezi mitatu.

SWALI: Nawapa shubiri mwitu na vitunguu swaumu, inatosha?

JIBU: Wape tu, haina neno, na mchicha uongeze kwa ajili ya vitamini A. Ila uso ukishavimba, hiyo pekee haitoshi.