Maswali ya Wasomaji: Pande Mbili, Ukinzani Mmoja

SWALI: Mhariri, nina fuwele ya BaFe2As2 (kiwanja cha bariamu, chuma na aseniki) ambamo kobalti imeshika asilimia 4.7 ya nafasi za chuma. Inageuka superkondakta, yaani inapitisha umeme bila ukinzani, kwenye kelvini 17. Nimesoma kwamba chini ya kelvini 60 elektroni hupendelea upande mmoja, lakini kwangu ukinzani wa pande zote mbili unalingana. Kipimo kibovu?

JIBU: Ndugu msomaji, kipimo ni kizima. Kwenye kelvini 60 miraba ya kimiani, yaani mpangilio wa atomi ndani ya fuwele, hugeuka mistatili, upande b ukiwa mfupi kuliko a kwa chini ya asilimia 1. Ila fuwele hujigawa mapande pacha yaliyopishana kwa nyuzi 90, na waya zako zinasoma wastani wake. Iangalie ikiwa baridi kwa hadubini ya mwanga uliopolarishwa, utaona milia.

Dawa ni kuibana. Kata kipande ambacho ukingo wake mrefu uko nyuzi 45 kutoka pande za mraba wa awali (pande a na b za mstatili hufuata mishazari ya mraba huo), na uhakikishe kwa eksirei, maana jicho hudanganya. Wengi hukosea hapa: ukibana sambamba na pande hizo, pacha wote hupata mkazo sawa na hakuna anayeshinda. Bana kabla ya kupoza. Megapaskali 5 hadi 10 kwa kawaida hutosha. Upande b utaangukia kwenye mwelekeo wa mbano, na ndio utakaoonyesha ukinzani mkubwa zaidi, ajabu kidogo kwa upande ulio mfupi. Ukizidisha mbano, badiliko linatandazika na tofauti inaonekana hata juu ya kelvini 60. Kwa hiyo jotoridi la badiliko lisome kwenye kipande kisichobanwa.

Ukitaka pia kuona jinsi usuperkondakta unavyoshindana na usumaku na umbo la mstatili, ukinzani hautakusaidia: chini ya kelvini 17 ni sifuri tu. Tumia nyutroni. Kilele cha nyutroni kinachotokana na mpangilio wa sumaku huanza kelvini 47 na kukua kadiri unavyopoza, kisha kikifika 17 kinaanza kushuka. Eksirei nazo huonyesha tofauti ya a na b ikipungua. Mipangilio yote mitatu, yaani mstatili, usumaku na usuperkondakta, inagombea elektroni zilezile. Kama usumaku na usuperkondakta vingekaa kwenye vipande tofauti vya sampuli, kilele kisingekuwa na sababu ya kushuka.

Usihamishie haya kwenye FeSe, superkondakta nyingine ya chuma na seleniamu, bila kufikiri. Yenyewe hugeuka mstatili kwenye kelvini 90, lakini katika kanieneo ya kawaida mpangilio wa sumaku haufuati kabisa.