Ukimya Si Uzito wa Kichwa: Majibu kwa Wazazi na Walimu

SWALI: Mwanangu yuko darasa la tano. Nyumbani anajibu vizuri, darasani akiulizwa anainamisha kichwa. Mwalimu wake anasema ni mzito. Je, ni kweli? (Mama, Morogoro)

JIBU: Wazazi mnaniletea swali hili kila mara, na kila mara mnasahau kunieleza mwalimu anaulizaje. Kuna mtoto anayefikiri huku anasema, na kuna anayelipanga jibu lote kichwani kabla ya kufungua mdomo. Mwalimu wa “wewe, simama, haraka!” humpata wa kwanza tu. Wa pili akifika katikati ya jibu lake, swali limeshahamia dawati la nyuma.

Miaka ya 1970 mtafiti Mmarekani, Mary Budd Rowe, alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza. Ulikuwa kama sekunde moja. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yakarefuka, na hata wanafunzi waliohesabiwa wazito wakaanza kuchangia. Nenda shuleni, mama, kwa heshima, umwombe mwalimu ampe mwanao nafasi ya kuandika jibu kwanza au kulijadili na jirani yake wa dawati. Nawe uache kumwambia “changamka!” mbele ya wageni. Unamwongezea woga.

SWALI: Nina mwanafunzi mchekeshaji. Kila nikimkaripia anazidi. (Mwalimu, Tanga)

JIBU: Anazidi kwa sababu ukimkaripia, darasa zima linamgeukia, na hicho ndicho anachokitafuta. Mfuate dawatini, mwambie kwa sauti ya chini, kisha endelea na somo. Halafu mpe kazi ya kusimama mbele: asome kifungu, agawe madaftari.

SWALI: Kuna dawa ya kuongeza akili ya mtoto?

JIBU: Hakuna. Anayekuuzia anakuibia.

SWALI: Niko kidato cha kwanza. Naogopa kuuliza kwa Kiingereza, wenzangu wananicheka. (Mwanafunzi, Dodoma)

JIBU: Pole, mwanangu. Umesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, ghafla karibu kila kipindi ni Kiingereza. Mwenye haya hapo huumia mara mbili. Andika swali lako kwenye karatasi, kwa Kiingereza chako hichohicho, umpelekee mwalimu baada ya kipindi. Walimu, nanyi sikieni: mwanafunzi akikosea sentensi, zuieni kicheko papo hapo. Na kumvisha mtoto kibao shingoni kwa sababu ameongea Kiswahili ni kumfundisha kunyamaza.

SWALI: Wengine hawasikii bila fimbo. Mbona unaipinga? (Mwalimu, Mwanza)

JIBU: Kanuni zetu za adhabu ya viboko shuleni, za mwaka 2002, unazijua, mwalimu. Viboko visizidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule, kwa makosa makubwa ya nidhamu, na viandikwe. Kukosa jibu la hesabu si kosa la nidhamu. Kenya waliipiga marufuku fimbo mwaka 2001.

Angalia pia inavyowafikia wanafunzi wako. Mbabe huizoea, hata akajisifu nayo wakati wa mapumziko. Mwoga huacha kunyoosha mkono hata kwa jambo analolijua. Wapo pia wale ambao hukuwagusa, walioketi wakitazama. Ukiwauliza kama wameelewa, wataitikia kwa pamoja “ndiyo, mwalimu”, na utaendelea na mada mpya bila kujua nani umemwacha.