Kujitolea bila kadi ya chama

Ndugu yangu uliyeuliza kama kijana aliyemaliza kidato cha sita hapa Moshi anaweza kujitolea katika shirika la vijana linalohimiza demokrasia bila kujiunga na chama chochote, jibu langu ni ndiyo, tena ninakuhimiza ufanye hivyo.

Kwanza omba kuona cheti cha usajili wa shirika, kwa kuwa mengi yao husajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002. Elimu ya mpiga kura nayo hutolewa kwa kibali cha Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Asiyekuwa nacho asikutume mitaani.

Hata hivyo, usidhani kwamba kazi hii husubiri uchaguzi. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote waliofikisha miaka 18, unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu ili wananchi wasomewe mapato na matumizi, na huko Kibosho au Marangu kijana anayewaeleza wenzake haki ya kuuliza fedha za zahanati zimetumikaje anafanya kazi ya demokrasia yenye uzito kuliko semina nyingi za hotelini. Mimi ningeanzia hapo.

Kuhusu nauli na chakula, kubalianeni mapema kwa maandishi, maana kujitolea hakumaanishi kugharamia kazi ya shirika kutoka mfukoni mwa mzazi.