Tanzia bila maiti?

Swali: Binti yangu yuko kidato cha tano. Mwalimu wao amewaambia kwamba ule mchezo wa Ibsen, mwandishi wa Norway, uitwao "A Doll's House", wa Nora anayewaacha mume na watoto, ni tanzia. Mimi nijuavyo tanzia ni taarifa ya msiba, na katika mchezo ule sijaona mtu akifa jukwaani. Nani kakosea, mimi au mwalimu? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Maana unayoijua wewe ndiyo ya mtaani, na ingali hai. Ni lile neno la herufi kubwa juu ya ujumbe katika kundi la ukoo, ambalo moyo hushtuka nalo kabla jicho halijafika kwenye jina. Wahakiki wa fasihi walilichukua baadaye, walipohitaji neno la kukaa mkabala na futuhi, yaani mchezo wa kuchekesha.

Wengi hulalamika kwamba walilipotosha. Mimi naona walilipatia. Tanzia na taazia ni ndugu wa tumbo moja, asili yao Kiarabu, na asili hiyo ni kumpa pole aliyefiwa. Neno halimtazami maiti, linamtazama aliyebaki. Kiswahili chenyewe kinaijua tofauti hiyo: anayekufa ni mmoja, wanaofiwa ni ukoo mzima.

Wala hatukuwa sisi wa kwanza kulipandisha jukwaani. Iran ya karne ya 19 ilikuwa na mchezo ulioitwa kwa neno hilohilo, kwa matamshi yao ta'zieh: masaibu ya Imam Hussein na watu wake pale Karbala, Muharram ya mwaka 61 Hijria (680 Miladia), yaliyoigizwa kwa mashairi. Zama za wafalme wa Qajar ndizo zilizoikuza sana sanaa hii. Shah Nasir al-Din alijenga Tehran ukumbi mkubwa wa mviringo, Takiyeh Dowlat, jukwaa likiwa katikati, watazamaji pande zote, na farasi wakizunguka. Watu wa Imam walivaa kijani na beti zao waliziimba. Maadui walivaa nyekundu, nao hawakupewa wimbo; zao walizitamka kwa kufoka. Waigizaji walishika karatasi za maneno yao mkononi hata kama wameyahifadhi, ili mtu asidhani kwamba wao ndio wale wanaowasimulia. Aliyeigiza Shimr, muuaji, aliweza kutokwa na machozi upanga ukiwa mkononi. Na msimamizi wa mchezo aliitwa mu'in al-buka, yaani msaidizi wa kulia. Waliotarajiwa kulia ni sisi tuliokaa kutazama.

Mwingereza Lewis Pelly, ambaye kabla ya kupelekwa Bushehr, bandari ya Iran, aliwahi kuiwakilisha serikali yake Zanzibar, alikusanya michezo hii na kuchapisha 37 kati yake London mwaka 1879.

Mwaka huohuo, tarehe 21 Desemba, mchezo wa Ibsen ulionyeshwa kwa mara ya kwanza, na Nora akafunga mlango jukwaani Copenhagen. Hapa mwalimu ana shahidi mzito kuliko mimi. Katika maandishi ya matayarisho ya Oktoba 1878, akiwa Roma, Ibsen mwenyewe aliuita mchezo aliokuwa akiupanga tanzia ya zama zake. Hakuhitaji kaburi. Daktari Rank, rafiki wa familia, anakwenda kufia kwake, mbali na macho yetu, lakini si kifo hicho kinachouvunja moyo wa mtazamaji. Pazia linapofungwa, Helmer, mume wa Nora, amebaki peke yake sebuleni na watoto watatu wamelala. Kiswahili kingesema ameondokewa, na safari hii tungeitumia kauli hiyo bila tafsida yoyote.

Labda utauliza: je, Nora angebaki? Swali hilo lilijibiwa jukwaani. Mwaka 1880 mwigizaji wa Ujerumani, Hedwig Niemann-Raabe, aliukataa mwisho ule, akisema yeye asingewaacha watoto wake. Ibsen, kwa kuogopa wengine wasije wakamwandikia mwisho wao, aliandika mwenyewe ule ambamo Nora anapelekwa mlangoni pa chumba cha watoto, anawaona, anaishiwa nguvu na kubaki. Mwenyewe aliuita unyama aliotendewa mchezo wake. Wapo waliouona kuwa mwisho mwema. Kwangu huo ndio wenye msiba mzito zaidi, kwa kuwa aliyekuwa akijitafuta amezikwa mzima mzima.

Basi tumia hivi. Ukizungumzia utanzu, sema tanzia au tamthilia ya tanzia, ngeli ileile ya tamthilia: tanzia hii, tanzia hizi. Mhusika au mwisho unaweza kuuita wa kitanzia. Taazia iache kwa makala ya kumkumbuka marehemu. Na usiite tanzia kila kisa cha huzuni. Mvua kukuharibia harusi ni mkosi tu.

Nyongeza moja kwa mwalimu, kama wanafunzi wataucheza mchezo huo: tangazo la kuwaalika wazazi liandikwe kwa ukamilifu, "Onyesho la tamthilia". Akiandika TANZIA peke yake, kisha Jumamosi saa nane, ukumbi wa shule, wazazi watafika na kanga kichwani, na mweka hazina atakuwa ameshaanza kukusanya rambirambi.